Mstari Uliorukwa

"Soma hapa," alisema Mzee Rugemalira. "Soma kwa sauti, shangazi yako asikie."

Alistidia hakuhitaji kuonyeshwa hapo ni wapi. Jarida lile alilijua ukurasa kwa ukurasa, maana kila herufi yake ilipita kwenye vidole vyake. Kurasa kumi na mbili za karatasi ya kurudufu, pini mbili pembeni, na juu jina kwa herufi kubwa: AKAMWANI. Ndizo zile punje za kahawa anazopewa mgeni atafune kabla ya mazungumzo kuanza. Jina alilitoa Mwalimu Mushumbusi, mchumba wake, ambaye Jumamosi ileile alitarajiwa hapo Buhembe na vibuyu vya lubisi, pombe ya ndizi, kuja kujitambulisha rasmi kwa wazee.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, Oktoba ya mwaka themanini na nane.

Alistidia akaanza kusoma. Sauti ilitoka vizuri mwanzoni.

"'Gazeti hili si la Chama, si la Kanisa, si la Ushirika. Ni dogo, ni letu. Humu mtakuta nyimbo za enanga, zeze letu, mashairi, picha za kuchora, na mabishano ya watu wanaofikiri. Tumejiwekea sharti moja tu: kuita vitu kwa majina yake. Basi mhariri aanze na lake. Mimi nilipata Juliana mwaka themanini na tatu, na hiyo haikuwa na vifungo. Haivuliwi.'"

Hapo akaacha kusoma.

Msomaji aliye mbali na kwetu lazima aelezwe. Vita vya Amin vilipokwisha, vitu vilivuka mpaka kwa njia za panya, na kimoja kilichopendwa sana ni shati la kitambaa laini lililoitwa Juliana. Vijana wa magendo walilivaa wakatamba nalo. Halafu vijana walewale wakaanza kukonda, kuharisha na kuzikwa migombani, na watu, kwa kukosa jina la ugonjwa, wakaupa jina la shati. Kwa hiyo Mhaya akikuambia amepata Juliana, unamtazama shingoni kwanza. Akiwa na kola, unampongeza. Akiongeza kwamba haina vifungo, unamtafutia kiti.

"Nakala mia mbili," alisema baba yake. Alikuwa mzee wa kanisa na hakuwa na desturi ya kupaza sauti. "Nimeletewa na watu watatu leo. Watatu. Kila mmoja ananiuliza kama huyu ndiye mkwe wangu."

"Tata, mimi sikujua."

"Jumamosi haipo. Peleka habari."

Akatoka nje. Shangazi Celina akabaki, akavuta kigoda karibu, akahamia Kihaya kama anavyofanya kila jambo likiwa zito. Aliuliza swali moja tu: je, walishakutana kimwili?

Alistidia alitazama sakafu.

"Mara ngapi, mwanangu?"

"Mara mbili."

Shangazi alimshika mkono, akaugeuza, akaupapasa kama anayenunua kitambaa.

Usiku mzima Alistidia alijiuliza jambo moja, na lilikuwa baya kuliko ugonjwa wenyewe. Jarida alilipiga chapa yeye. Kwa siku tisa, saa ya chakula cha mchana, bosi akienda nyumbani, alifunga mlango wa ofisi ya Ushirika akakata stensili kwa mashine ya ofisi, roho mkononi. Mpiga chapa hasomi maneno, anasoma herufi. Na mashine ikikata stensili huoni wino, unaona vitundu tu. Basi Mushumbusi alikuwa amemwandikia siri yake kwa mkono, akampa, na yeye akaipiga neno kwa neno bila kuielewa. Aliiambia dunia kabla ya kumwambia yeye, tena kwa vidole vyake mwenyewe. Mtu wa namna gani anafanya hivyo?

Alhamisi saa nne bosi alimwita ofisini kwake. Simu ilikuwa mezani, mkono wake umelazwa pembeni.

"Simu yako, binti. Kutoka Muleba. Dakika moja."

Bosi hakutoka. Akavua miwani akaanza kuifuta.

"Alistidia." Sauti ya Mushumbusi ilikuja na mikwaruzo. Alikuwa Muleba tangu Jumatatu, likizo fupi ya shule, akisambaza jarida hadi kwa wafanyabiashara wa samaki wanaovuka visiwani.

"Naam."

"Umeliona?"

"Nimeliona. Tata ameliona."

Mushumbusi akasema taratibu, kama anayesoma imla darasani:

"Usimwambie mtu yeyote nani alilipiga chapa. Yeyote. Unanisikia?"

"Ndilo ulilonipigia?"

"Ndilo."

"Ni kweli yaliyoandikwa?"

Alisikia pumzi yake. Alisikia na mtu akikohoa, pengine opereta.

"Kesho nitafika na basi la mchana," alisema Mushumbusi. "Tutaongea."

Simu ikakatika. Bosi akavaa miwani akauliza kama ni msiba. Alistidia akasema bado.

Jioni alipofika nyumbani aliingia jikoni akatoa barua zote za Mushumbusi ili azitie motoni. Alikuwa na hasira ya kutosha kuchoma hata nyumba. Mwisho ulibaki mswada wa jarida, kurasa alizokuwa amezikunja ndani ya kitabu chake cha nyimbo za ibada kwa sababu, tuseme ukweli, aliupenda mwandiko wa yule mwanamume. Akaukunjua autazame mara ya mwisho. Macho yakaenda kwenye mstari wa tisa.

*Mimi nilipata Juliana mwaka themanini na*
*moja: shati la kijani, zawadi ya kaka yangu*
*Datius. Yeye alipata Juliana mwaka themanini na*
*tatu, na hiyo haikuwa na vifungo. Haivuliwi.*

Akasoma tena. Akaweka kidole kwenye "themanini na" ya juu, kingine kwenye "themanini na" ya chini. Zote mbili zilikaa mwisho wa mstari. Jicho lilitoka juu kwenda kwenye mashine, likarudi, likatua chini. Maneno yote ya katikati yalibaki kwenye karatasi. Shati lilibaki. Datius, aliyelala migombani Rubafu mwaka wa nne sasa, naye alibaki.

Alicheka peke yake jikoni, kicheko cha mtu aliyefunguliwa kamba shingoni. Kicheko hakikumalizika, maana fikra ya pili ilifika: aliyemtia Mushumbusi Juliana mbele ya mkoa mzima alikuwa yeye. Na yule mtu alijua, na kwenye simu alimwambia anyamaze.

Ijumaa mchana alimkuta Bakoba, mtaa wa mjini Bukoba, kwenye chumba alichopanga. Dirishani palikuwa na kikombe chake cha chai, na mama mwenye nyumba alikuwa amekifunga uzi mwekundu kwenye kishikio ili kisichanganyike na vya wengine. Mushumbusi alikuwa ameketi kitandani, vumbi la barabara bado usoni. Alistidia alifungua mswada akauweka magotini pake.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumanne. Yuko mama mmoja mfanyabiashara wa samaki, anaitwa Limi. Alisoma pale pale mwaloni, samaki wakishushwa, halafu akaniuliza kama ninakula vizuri."

"Ukanyamaza."

"Nikisema mpiga chapa amekosea, swali linalofuata ni mpiga chapa yupi, na kwa mashine ya nani. Ungefukuzwa siku hiyo hiyo."

"Kwa hiyo uliona afadhali ufe."

"Niliona afadhali waseme ninakufa. Ni vitu viwili tofauti."

Alikuwa na tabia hiyo, ya kusahihisha watu hata anapoonewa huruma. Alistidia alitaka kumpiga kofi na alitaka kumkumbatia, asijue aanze na lipi.

"Na mimi?" aliuliza. "Siku tatu hizi mimi nilikuwa na nani? Nimejipapasa shingo hadi ngozi inauma. Shangazi ananitazama kama maiti inayopika. Ungeniambia mimi tu."

"Kwenye simu ya bosi wako?"

"Kwa barua. Kwa mtu. Kwa njiwa, Mwalimu. Ulinifichia kosa langu ukaniachia hofu yako."

Mushumbusi alikubali kwamba amekosa. Akasema nisamehe. Kisha akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne na inanuka samaki.

"Jana Limi alirudi kutoka kisiwani akaniletea hii. Soma kabla hujaamua."

Mwandiko ulikuwa wa penseli, mkubwa, unaopanda mlima.

*Ndugu Mhariri. Mimi ni Mayunga, mvuvi, nimetoka Usukumani, niko kisiwa hiki mwaka wa sita. Limi alitusomea gazeti lako. Wewe ni mtu wa kwanza nimesikia anasema ninayo kwa mdomo wake. Wenzangu hapa wanasema ni malaria, na mimi nasema ni malaria. Siyo malaria. Nilikuwa najiona niko peke yangu ziwa zima. Sasa tuko wawili. Usinyamaze.*

Alistidia alisoma mara mbili.

"Nikisahihisha," alisema Mushumbusi, "nitakuwa nimemwambia huyu: samahani ndugu, tulikosea, uko peke yako."

Nje mama mwenye nyumba alikuwa akifagia mahali palepale kwa muda mrefu kuliko uchafu ulivyohitaji.

"Kosa ni langu," alisema Alistidia mwishoni. "Usinichukulie. Nitalisahihisha mimi, kwa jina langu. Na Mayunga hatutamwacha. Siyo lazima uwe mgonjwa ili ukae naye."

Mushumbusi akasema jambo ambalo Alistidia alikuwa akiliogopa bila kulijua.

"Mstari ukirudi, haunipi cheti. Datius nilimwogesha miezi minne. Kabla yako alikuwapo mtu mmoja, nikiwa chuoni, na sijui yuko wapi sasa. Ninaandika tuite vitu kwa majina yake, na damu yangu mwenyewe siijui jina. Hilo nalo nilipaswa kukuambia kabla ya ile mara ya kwanza."

"Ulipaswa."

"Ndiyo."

"Basi tutapima. Wewe na mimi," alisema Alistidia, akaukunja mswada.

Jumamosi, siku ambayo lubisi ingenywewa, Alistidia aliketi mbele ya baba yake na mswada mkononi akamweleza yote, pamoja na mashine ya Ushirika. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Mushumbusi alikuwapo, amesimama mlangoni kwa kuwa hakuna aliyemwambia keti. Sahani ya punje za kahawa ilikuwa mezani mahali pake pa siku zote. Mzee hakuisogeza. Kwetu mgeni asiyesogezewa kahawa ameshaambiwa kila kitu, na Mushumbusi, aliyeandika ukurasa mzima kuhusu desturi hiyo, alielewa kuliko wote.

"Mstari umeurudisha," alisema Mzee Rugemalira. "Damu je?"

"Tutapima, Tata."

"Mkishapima, njooni."

Jumatatu Alistidia aliingia kwa bosi kabla hajaitwa. Bosi alimsikiliza, akaguna, akatangaza kwamba hawezi kumfukuza mpiga chapa pekee aliye naye wakati msimu wa kahawa haujafungwa, ila atampa karipio la maandishi liende kwenye jalada lake. Halafu akakumbuka kwamba barua za ofisi anayezipiga chapa ni mmoja tu. Alistidia akaketi akajipigia karipio lake mwenyewe, nakala tatu, na halikuwa na kosa hata moja. Alikuwa amenunua rula. Aliiweka chini ya kila mstari, haisogei hadi mstari uishe.

Kwa rula ileile, mlango ukiwa wazi safari hii na kwa mashine ya kuazima shuleni kwa Mushumbusi, alikata stensili ya kipande cha karatasi kilichofuata kila nakala ya jarida ilikokwenda, Bukoba, Muleba hadi visiwani:

*MASAHIHISHO. Ukurasa wa kwanza umerukwa mstari. Soma: "Mimi nilipata Juliana mwaka themanini na moja: shati la kijani, zawadi ya kaka yangu Datius. Yeye alipata Juliana mwaka themanini na tatu, na hiyo haikuwa na vifungo." Kosa si la mhariri, ni langu niliyepiga chapa, Alistidia Rugemalira, Buhembe. Mhariri alinyamaza nisiharibikiwe. Na wewe uliyetuandikia kutoka kisiwani: mstari umerudi mahali pake, lakini sisi hatujaondoka. Ukituruhusu, barua yako itafungua toleo la pili.*

Ungedhani watu wangetulia. Wapi. Nusu ya mji ilisema binti anamfichia mchumba. Nusu nyingine ilisema afadhali, lakini ikaendelea kutazama shingo zote mbili.

Walitolewa damu hospitalini mapema Novemba. Waliambiwa inapelekwa mbali, wasubiri. Walisubiri majuma matano, na majuma hayo ndiyo yaliyomzeesha Alistidia. Kila kikohozi alikihesabu. Mushumbusi alitokwa na jipu kwapani, na kwa siku nne hakuna kati yao aliyelitaja kwa jina, wao waliojiwekea sharti. Mchana, ghala likiwa halina watu, Alistidia alipanda kwenye mizani ya kahawa akajipima. Jumatatu kilo hamsini na nne. Alhamisi hamsini na tatu na nusu. Alikaa juu ya gunia akalia kwa sababu ya nusu kilo, hadi mpima kahawa aliporudi akamwambia kwa upole kwamba mizani ile inawaibia wakulima mwaka wa pili sasa, sembuse yeye.

Jibu la Mayunga lilikuja na neno moja, "Chapeni." Wakaichapa barua yake.

Katikati ya Desemba tabibu aliwapa bahasha mbili zilizofungwa. Hawakuzifungua njiani. Walitembea hadi Buhembe bila kuzungumza, kila mmoja na yake, na Mzee Rugemalira akawaketisha wote wawili. Shangazi Celina alikuja na kigoda chake.

"Soma," alisema Mzee. "Kwa rula."

Alistidia alianza na ya Mushumbusi. Aliilaza rula chini ya jina, akaliangalia mara mbili kama ni lake kweli. Akaiteremsha kwenye tarehe. Akaiteremsha tena.

"'Vijidudu vya UKIMWI: havikuonekana.'"

"Rudia."

"Havikuonekana, Tata."

Mushumbusi aliinamisha kichwa hadi magotini, akabaki hivyo. Alistidia akachukua bahasha yake mwenyewe, akaichana, na hapo mkono ukakataa. Rula ilicheza juu ya karatasi, mstari haukutulia. Alijaribu mara tatu. Baba yake akanyanyuka, akaja akaketi kando yake, akachukua rula kutoka kwenye vidole vyake na kuiweka mwenyewe, taratibu, kama anavyoweka kidole chini ya andiko anaposoma somo kanisani.

Alisoma kimya. Midomo ilitembea. Alistidia alitazama midomo ile.

"Havikuonekana," alisema Mzee Rugemalira. Na kwa kuwa hakuna aliyemwomba arudie, alirudia kwa hiari yake. "Havikuonekana, mwanangu."

Shangazi Celina akaanza kulia kwa Kihaya. Mzee alifuta macho kwa upande wa rula, hakufanikiwa, akatumia mkono. Kisha akanyoosha mkono mezani, akaivuta ile sahani, akaisogeza mbele ya Mushumbusi.

"Karibu kahawa, Mwalimu. Jumamosi uje na wazee wako."

Mushumbusi alitwaa punje mbili. Alizitafuna muda mrefu, na hakuna aliyeharakisha mazungumzo.

Mwaka ule senene, panzi wetu wa kuliwa, walichelewa, wakashuka juma hilohilo. Alfajiri ya Ijumaa Alistidia aliokota kikapu kizima, akawachambua mabawa na miguu, akawakaanga, akavuka mji mchana kweupe hadi Bakoba. Kwetu mwanamke hampelekei senene mwanamume yeyote tu. Anampelekea mume, na mume anawajibika kumvisha. Mama mwenye nyumba alimwona akiingia na kikapu, akaenda dirishani, akakata uzi mwekundu kwenye kikombe kwa meno.

Mushumbusi alikula senene wa kwanza, akaenda kwenye sanduku lake chini ya kitanda. Alimwambia kwamba kanga atamnunulia, lakini leo ana nguo moja tu ya kumpa. Akaitoa: shati la kijani, limepauka mabegani, limepigwa pasi miaka saba na halijavaliwa tangu mazishi.

Alistidia akalivaa juu ya gauni lake akashuka nalo njia kuu. Toleo la pili lilikuwa tayari mikononi mwa watu, barua ya Mayunga ukurasa wa kwanza. Limi alikuwa ameleta habari kutoka kisiwani kwamba walimsomea kitandani, na kwamba aliomba nakala ile iachwe chini ya mto wake, na kwamba wavuvi wawili wengine sasa huketi naye jioni na hawasemi tena malaria.

Sokoni mwanamke mmoja wa kanisani kwao alisimama, akalitazama shati, akashusha sauti.

"Alistidia, mwanangu. Hiyo si Juliana?"

"Ndiyo, mama," alijibu, akashika kola. "Ila hii ina vifungo."